Yah: Kuhamishwa kwa Mashine ya Tangawizi ili Nichague Gramafoni

Ndugu Mwenyekiti Faustina,
Kikundi cha Wakulima wa Tangawizi,
Mamba, Same.

Kwanza napokea shikamoo yako ya Jumanne pale njia panda. Niliiona mdomoni mwako, lakini sikuisikia kwa sababu ya mashine yenu ya kusaga tangawizi. Marahaba, mwanangu. Baada ya hapo naomba tusahau kwamba nilikufundisha darasa la tatu, maana leo nakuandikia kwa ukali.

Mpwa wangu Shedrack, aliyeko Dar es Salaam, ameamua kuninunulia gramafoni ya kisasa, ile ya watu wanaojua muziki. Ametuma picha za aina tatu kwenye simu ya binti yangu Doreen, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Moja huzungushwa na mkanda wa mpira. Ya pili mota yake iko chini ya sahani moja kwa moja. Ya tatu ni kioo kitupu kama kabati la vyombo. Zote, anasema, zina sindano nyepesi inayosikia hata hatua za kuku, hivyo zinataka mahali palipotulia.

Mimi nina santuri moja tu. Ni ya kwaya ya usharika wetu, waliyorekodi mwaka 1979, na ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza marehemu mke wangu Zipora anaimba peke yake. Gramafoni ya zamani ilikufa, naye akaifuata. Nina miaka saba sijamsikia. Nataka kumsikia vizuri, japo mara moja, na umri wangu ni miaka sabini na sita. Ninyi mnanizuia kuchagua, kama ifuatavyo:

1. Mashine yenu inanguruma mchana kutwa. Shedrack anasema mwenye mtikisiko nyumbani achukue ya mkanda, asiye nao achukue ya mota. Ili kupima, niliweka beseni la maji mezani, nikalikodolea macho tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Maji hayakucheza hata kidogo. Hii inaonyesha jinsi mtikisiko wenu ulivyo wa hila.

2. Mnasaga Jumamosi, Wasabato wakiwa ibadani, na Jumapili mnasaga tena, sisi Walutheri tukiwa ibadani. Mchungaji akihubiri namwona anapanua mdomo tu. Waumini wenzangu wananyamaza, nadhani kwa sababu wote wana tangawizi shambani.

3. Mwendesha mashine wenu, Novatus, hana adabu. Jumatano nilisimama ukingoni mwa shamba langu nikampigia kelele azime. Alikuwa amekaa nje ya banda anachambua maharage, mashine ikinguruma bila mtu. Akanyanyua mikono yote miwili, kana kwamba anauliza azime nini.

4. Mwezi uliopita nilishuka Same kwa harusi ya mtoto wa Melkizedeki. Niliisikia kule kule, kanisani, wakati wa viapo. Nikapitiliza hadi Kifaru kwa dada yangu, wilaya nyingine kabisa: bado. Mashine ya kijiji kimoja kusikika wilaya mbili ni jambo la kufikishwa mkoani. Kuna watakaosema masikio yangu yamechoka. Nawauliza, mzee aliyechoka masikio angeisikiaje mashine ya Mamba akiwa Kifaru?

Kwa hiyo naomba mashine ihamishiwe tambarare, hata Lembeni, ambako wana nafasi. Tangawizi itwangwe kwenye vinu vilivyofungwa blanketi. Bodaboda zizimwe kuanzia kanisani na zisukumwe kwa mikono mpaka zipite kwangu. Majogoo wafungwe midomo hadi ubeti wa pili uishe. Sidhani kama naomba makubwa.

Wasalimie wanakikundi wote, Jenifer mweka hazina na mguu wake unaomsumbua, mama mkwe wako, na hata Novatus.

Ni mimi jirani yenu wa juu ya banda,
Mwalimu Kaanaeli Mbwambo (mstaafu)

Nyongeza baada ya kutia sahihi: Doreen ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alichosema sikukisikia. Amenishika mkono tukashuka hadi bandani, akaomba ufunguo kwa Novatus. Mota haipo. Ilipelekwa Moshi kutengenezwa tangu kabla ya Pasaka, na buibui amejenga mdomoni mwa mashine. Niliweka kiganja kwenye chuma, kilikuwa baridi. Kichwani mwangu bado mnasaga. Nimeogopa, Faustina, sitakuficha.

Barua naileta hivyo hivyo, ili ujue ni kwa nini nakuomba uniombee radhi kwa Novatus. Mashine isihamishwe. Shedrack nimemwambia alete yoyote, mradi iwe na sauti kubwa. Ikifika, njoo ukae karibu nami. Ubeti wa pili ukianza, niguse bega.