Thelathini na Nane za Unyenyekevu

Jumatatu, 4 Machi
Leo Mwalimu wa Maadili kaleta kioja. Insha zetu za "Maisha Mema" hazisahihishi! Kila mtu ajipe alama mwenyewe, kwa dhamiri yake, kesho asubuhi. Arobaini ndiyo kufaulu. Darasa zima likapiga kelele kama limefunga goli. Wajinga! Huo mtego. Atakayejipa tisini ataonekana mroho. Atakayejishusha, Mwalimu, mama wa watu, atamhurumia, atampandisha. Kichwa changu hiki, sijui kwa nini hakijapewa cheo.

Jumanne, 5 Machi
Nimejipa thelathini na nane. Na sababu juu yake: mimi mtupu, bado najifunza utu. Nusura nilie mwenyewe.
Kobe, mwenzangu wa chumbani, alitaka kujipa sabini. Anazistahili, kasoma mpaka macho mekundu. Nikamwambia ndugu yangu, sabini ni kiburi, tena kwenye somo la maadili! Akasema lakini si ndiyo kweli? Nikamcheka, nikamwambia hana ujanja. Akafuta. Akaandika thelathini na tano. Kanizidi unyenyekevu! Iliniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Matokeo yamebandikwa. Mwalimu kasema aliahidi kutuamini, na katuamini. Yote kama tulivyoandika. Nimeanguka!
Domo, yule anayeuliza maswali ili asikike, alijipa themanini. Sasa anatembea kama kanunua chuo. Kaniuliza unyenyekevu wangu haujambo?
Na Kobe je? Kakaa kitandani na viatu vyake. Akifeli somo hili, mwaka wa tatu hauoni. Baba yake, fundi wa kuchomelea, keshamwekea miwani ya kazi. Nilitaka kumwambia samahani. Nikamuuliza kama ana sabuni.

Ijumaa, 8 Machi
Kobe kaenda kwa Mwalimu. Kaulizwa nani kamshauri aandike uongo. Kasema mtu hamtaji. Mwalimu naye kasema bila kujua kisa, alama habadilishi. Kobe katoka hivyo hivyo. Kwa ajili yangu mimi! Chakula kimenishinda. Nimekula jioni tu, mara mbili.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda. Nikasema ni mimi niliyempotosha. Mwalimu akanitazama weee, kisha akamwita Kobe aandike upya. Kaandika sabini, kapewa sabini!
Baadaye nikakimbia chumbani kumpongeza. Nikamkuta anakunja godoro. Anahamia kwa Domo! Nikamwambia rafiki yangu, mambo si yamekwisha? Akasema yamekwisha, kaka, ila akili zako nimechoka kuzitumia.
Kaniachia sabuni.

Jumanne, 12 Machi
Kitanda cha pili mbao tupu. Nimekitazama asubuhi yote. Ningemwacha na sabini zake, sasa hivi angekuwa hapo ananikoromea. Nimeapa: ujanja basi.
Mchana Mwalimu kaniita. Kwa kuwa nilisema kweli, nami nijipe alama upya, na nitakayoandika ndiyo hiyo hiyo. Akarudia: hiyo hiyo. Insha yangu haikuwa mbaya, hamsini ingekuwa haki yangu. Kalamu nikaishika. Tano nilishaanza kuichora.
Ndipo nikamtazama machoni. Ana huruma huyu mama! Kumbe kosa langu lilikuwa thelathini na nane. Nyingi mno kwa mtu anayejuta.
Nimeandika tisa. Na mkono nikautetemesha, aone.