Maoni ya Mwenyekiti Kuhusu Albamu ya Tisa

Jumatano, 1 Februari 2023. Malaz, Riyadh

Imetoka! Miaka kumi na minne tumengoja, leo imetoka. Tin Umbrellas, bendi bora kuliko zote zilizowahi kuvaa makoti ya mabega mapana na kusimama nyuma ya kinanda cha umeme bila kutabasamu, wametoa albamu ya tisa. Inaitwa Warm Water. Sisi wapenzi wao tunawaita Miavuli tu.

Mimi ni mwenyekiti wa Wapenzi wa Miavuli, Tawi la Saudia. Wanachama sita, wawili kati yao hawajawahi kuandika neno, hutuma kidole gumba. Mwenyekiti lazima awe wa kwanza kutoa maoni. Saa tatu na dakika mbili asubuhi nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hii ni kazi ya watu waliokomaa, na kwamba historia ya muziki imeanza upya. Saa tatu na dakika tano nikaanza kuisikiliza.

Lo!

Niseme ukweli, maana daftari hili nalisoma peke yangu. Ni mbaya. Ngoma zimelala. Kinanda kimelala. Mwimbaji anaimba kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nimeisikiliza mara mbili nzima huku nikitengeneza mashine ya kusafisha figo wodini, na mashine ndiyo iliyokuwa na mdundo.

Jioni Onyango akarudi. Onyango ni msimamizi wa ujenzi, tunaishi flati moja, na ni mwanachama kwa bahati mbaya. Akasema Miavuli walikufa mwaka 1987 ila hakuna aliyewaambia. Nikamwambia hana masikio. Kwa kweli safari hii anayo, lakini siwezi kumpa hilo. Anautaka uenyekiti, huyu. Ameutaka tangu 2019, tawi lilipoanza.

Miriam bado hajasema kitu.

Ijumaa, 3 Februari

Miriam ni muuguzi, yuko Jeddah, kwao Dar, Temeke. Tumeonana mara mbili. Mara ya kwanza alijua maneno yote ya upande wa pili wa albamu ya tatu, ule ambao hata mama za wanabendi hawaujui. Mara ya pili alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukipiga ngoma mlangoni. Nilishikilia mkanda njia nzima. Tangu siku hiyo napiga mashati pasi.

Nina miaka arobaini na tisa. Mke wangu aliondoka zamani, akisema amechoka kuishi na wanaume watano, yaani mimi na Miavuli wanne. Basi niandike wazi: nataka Miriam anione mtu wa maana. Sitaki kingine.

Ijumaa ijayo tuna kikao Jeddah, nyumbani kwa Idi, mtengeneza saa wa Al-Baghdadiyah. Kila mmoja atasoma maoni yake kuhusu albamu, kisha tutachagua mwenyekiti. Ni lazima nijue maoni ya Miriam kabla sijasoma yangu. Kwa hiyo asubuhi nikamwandikia pembeni, kikazi kabisa, kwamba ofisi ya mwenyekiti inakusanya hisia za awali.

Adhuhuri akajibu. Nanukuu: "Gilbert, hii albamu ni balaa!!! Jana nimeicheza mpaka jirani kagonga ukuta."

Balaa! Nzige, mafuriko, tauni: balaa. Hata jirani ameshindwa kuvumilia. Moyo wangu ukapaa. Hapa kuna mwanamke mwenye masikio, na masikio yetu yamesikia kitu kimoja!

Tatizo ni yale maoni yangu ya Jumatano. Nikayafuta. Kundini pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na wale wawili wa kidole gumba, kwa mara ya kwanza katika historia ya tawi, wakaandika. Wakauliza nimefuta nini. Onyango akawajibu kwa kuwatumia picha ya ujumbe wangu. Alikuwa ameihifadhi tangu saa tatu na dakika tatu.

Jumapili, 5 Februari

Mpango umekamilika. Nitaandika maoni makali kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya Miavuli. Shida moja: mimi sijui kuwatukana. Miaka thelathini na minane nimewasifu, mkono hauandiki. Nimekaa saa nzima nikapata "hairidhishi".

Onyango ndiye anayejua. Nikampikia ugali na samaki wa kukaanga, nikamkalisha, nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelimishwa, ameona nini hasa. Alisema bila kupumua mpaka samaki akabaki mifupa. Kwamba ngoma zinabisha kama mtu aliyerudi kugonga nyumba aliyoihama. Kwamba kinanda kimepakwa samli. Kwamba wimbo wa nne ukipigwa kwenye lifti, lifti itakataa kupanda.

Niliandika yote chini ya meza, juu ya karatasi ya kupangusia mikono. Onyango akaniuliza mbona sili kwa mkono wa kulia. Nikasema una ganzi.

Jumanne, 7 Februari

Ruhusa. Ijumaa hii ni zamu yangu. Bosi Hamdan, mkuu wetu wa karakana ya vifaa vya hospitali, alisema mafi ruhusa, yaani hakuna, kabla sijamaliza salamu. Nikamwambia nina mgonjwa Jeddah. Si uongo mtupu, maana Miavuli wako hoi.

Bosi akashika kifua. Akauliza mgonjwa anaumwa nini. Nikasema sauti, inamwisha kidogo kidogo. Akauliza kama ni ndugu. Nikasema tumekuwa pamoja tangu nikiwa shuleni. Macho yakamlegea. Akanipa ruhusa, akaniombea, na baada ya sala ya adhuhuri akaja na boksi zima la tende, akisema nimpelekee mgonjwa, zinasafisha koo.

Niliona haya sana. Mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Alhamisi, 9 Februari

Maoni tayari. Kurasa mbili. Mazuri mno! Nimeyasoma mbele ya kioo na nimejiogopa.

Kuna jambo dogo. Leo kazini nilisikiliza albamu tena, kuhakikisha sijasahau kosa lolote. Wimbo wa sita ukafika mwisho, vyombo vimenyamaza, na yule mzee mwimbaji akakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Wamekiacha, hawakukikata. Sikuwa nimekisikia zile mara nyingine kwa sababu mashine zilikuwa zinapiga kelele.

Kaka yangu Elphas ndiye aliyeniletea kanda ya kwanza ya Miavuli, kutoka Mombasa, mwaka 1985. Mwaka wake wa mwisho tulikuwa tukiisikiliza pamoja kitandani kwake, naye anakohoa hivyohivyo katikati ya nyimbo, kisha ananiambia nirudishe nyuma, amekosa kipande. Nililazimika kuweka bisibisi chini. Nililia, basi. Mgonjwa mmoja akanipa karatasi ya kujipangusa.

Hilo sikulitia kwenye maoni. Nafasi hakuna, na Miriam ameshasema ni balaa.

Ijumaa, 10 Februari. Jeddah

Naandika uwanja wa ndege. Onyango yuko mkahawani anapokea pongezi kwa simu. Nieleze kwa utaratibu.

Tulifika kwa Idi saa nane. Ukoo wa Idi ulitoka Unguja mwaka 1964, yeye amezaliwa hapahapa Jeddah, na sebuleni kwake kuna saa ishirini na mbili zisizokubaliana. Mkewe, Arwa, alikuwa ameweka kahawa na halwa. Wale wawili wa kidole gumba walikaa kochi moja. Kisha Miriam akaingia na keki. Keki ya duara, ya buluu, juu yake mwavuli wa sukari na jina la albamu.

Keki ya matanga! Nilielewa mara moja. Nikacheka kwa sauti, nikamwambia ni dhihaka ya hali ya juu. Akanitazama kidogo. Nikampa lile boksi la tende. Akasema asante, akauliza zimetoka wapi. Nikasema ni hadithi ndefu.

Nikaomba nianze. Nikasimama. Nikasoma kuhusu ngoma, na mtu aliyerudi kugonga nyumba aliyoihama. Onyango akainua kichwa. Nikasoma kuhusu samli. Onyango akauliza kwa sauti kama hayo ni maneno yangu. Nikasoma kuhusu lifti. Onyango akapiga paja, akatangaza kwamba amelishwa samaki ili aibiwe. Sikusimama! Nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtu mmoja tu chumbani, nikafika mwisho, nikasema kwa heshima zote naungana na Bi Miriam: hii albamu ni balaa.

Saa tu zinagonga.

Miriam akaweka kisu cha keki chini. Akauliza nani kaniambia yeye haipendi. Nikasema yeye mwenyewe, kwa maandishi, balaa, na alama tatu za mshangao. Akasema, "Mungu wangu. Gilbert. Balaa, nzuri! Kwetu Temeke harusi ikiwa balaa watu wanaisimulia mwaka mzima." Na jirani, nikauliza, yule aliyegonga ukuta? Akasema jirani aligonga kuuliza ni bendi gani.

Idi akasema lahaula, akacheka mpaka Arwa akamletea maji. Nikamgeukia kuomba msaada, Idi si mtu wa Kiswahili safi? Akasema, "Mie usinitie, bwana wee. Kwetu balaa ni balaa. Lakini mie ningemuuliza mwenyewe."

Nikasema haraka kwamba kuna maoni yangu mengine, ya Jumatano, yanayoisifu sana, na Onyango anayo kwenye simu. Hapo ndipo Miriam alipokasirika. Si kwa kelele. Alisema hakuja kusikia maoni yake yakirudishwa kwake kinyumenyume, wala ya Onyango. Alitoka zamu akaoka keki kwa sababu alitaka kujua watu wengine wamesikia nini. Akaniuliza mimi, masikio yangu mimi, yamesikia nini.

Sikuwa na karatasi ya swali hilo. Nikasema nyingi ni mbaya, samahani. Lakini wimbo wa sita, mwishoni, yule mzee anakohoa. Nikasema kuhusu Elphas. Sijui nilisema kwa muda gani. Hata Onyango alitazama chini.

Miriam akasema yeye pia alikirudisha nyuma, kikohozi kile, mara nne. Akasema hilo ndilo neno la kweli la kwanza kulisikia kutoka kwangu tangu anijue. Kisha akakata keki, kipande cha kwanza akanipa mimi, chenye mpini wa mwavuli. Akaniambia, kwa upole kabisa, kama anavyomwambia mgonjwa jinsi ya kumeza kidonge: siku nyingine usipoelewa, niulize. Ni kuuliza tu.

Nikaapa. Mbele ya saa ishirini na mbili.

Uchaguzi: Onyango kura tano. Mimi moja, na ilikuwa yangu.

Jumapili, 12 Februari. Malaz

Mimi ni mtu mpya. Mkweli, mwenye kusikiliza. Bosi Hamdan ameuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia tende zimefanya kazi, anakohoa vizuri sasa. Amefurahi, ameniletea boksi la pili.

Mwenyekiti Onyango ameandika kundini kwamba maoni yote yapitie kwake kwanza. Simjibu. Nimevuka mambo hayo.

Saa kumi na moja jioni, ujumbe wa Miriam. Wa pembeni, si wa kundini! Nanukuu wote: "Gilbert, nimekaa nikawaza yale ya juzi. Wewe ni noma."

Noma.

Nimekaa nao saa nzima. Kwetu Nairobi noma ni shida, ni aibu, ni msala. Lakini pia kuna noma ya kusifia, vijana wa karakana huisema. Na huko Temeke je? Nimemuuliza Onyango. Amesema ni mbaya, lakini Onyango ni adui. Nimempigia Idi. Amecheka, akakata simu.

Kumuuliza mwenyewe haiwezekani. Ataona sijui Kiswahili.

Nimeandika majibu mawili. La kwanza linaomba radhi kwa kila kitu tangu 2019. La pili linashukuru na kumwalika chakula cha jioni. Mazuri yote mawili, nimeshindwa kuchagua.

Nimetuma yote.