Nilivyomsingizia Mama Amina Digrii Mbili

Niko ofisini hapa Isiolo, sijala tangu asubuhi, na aibu niliyopata leo itanitosha mpaka mwaka uishe.

Kazi yangu ni kujaribu njia za kurekebisha rekodi za joto za miaka mingi. Kipimajoto kikibadilishwa, rekodi inaruka ghafla, na watu wanadhani ni hali ya hewa. Sasa ili nijue kama njia inafaa, nachukua nakala ya rekodi safi, naiharibu makusudi, halafu naona kama kompyuta itagundua. (Ndiyo, nalipwa kuharibu vitu. Hata mama yangu haelewi.)

Wiki nzima nimeharibu na kurekebisha mpaka macho yamekuwa mekundu. Leo tukawa na mkutano. Bosi alitaka kumwandikia Mama Amina barua ya sifa, maana anastaafu Ijumaa. Ndiye amesoma kipimajoto chetu kila asubuhi tangu sijazaliwa.

Nikafungua faili ya rekodi zake. Nikaona mruko mkubwa katikati. Nikafurahi (mjinga mimi).

"Bosi, barua ingoje kidogo," nikasema. "Hapa kuna miaka mitano joto limezidi digrii mbili. Huyu mama alikuwa anakisia tu."

Mama Amina, aliyekuwa ameketi nasi mkutanoni, aliinuka pole pole, akaenda kabatini, akarudi na daftari zake za zamani. Akapangusa vumbi kwa leso.

"Hapa niliandika thelathini na tatu. Yako inasema?"

"Thelathini na tano."

"Kesho yake, thelathini na mbili."

"Thelathini na nne."

Tukaenda hivyo ukurasa mzima.

"Wallahi," akasema, "mtu anayekisia hakosei mbili kamili kila siku."

Hapo ndipo nikasoma jina la faili. Ilikuwa ile nakala chafu. Hizo digrii mbili niliziongeza mimi, Jumatatu, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliziweka."

"Uliziweka, ukasahau, ukanibebesha mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kunywa maji kwanza, mwanangu."

Afadhali angenitukana. Bosi alisaini barua palepale, kisha akamwomba abaki mwezi mmoja zaidi, akague kazi yangu. Amekubali.

Kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni huko kwenu kimya kimya. Ameketi hapa kando yangu na miwani yake, na hata haya maneno ameshayasahihisha mara mbili.