Daktari wa Kiti cha Bosi

"Sogeza ndoo yako, dada, bomba si la ukoo wenu!"

"Isogeze wewe mwenye mgongo mzima! Kutwa nzima nimejikunja kwenye kijikiti cha ofisi, magoti yanagonga meza, shingo imekakamaa. Niiname tena ndiyo niage dunia?"

"Kwani nilikutuma ukaajiriwe?" fundi cherehani alimjibu jirani yake mhazili, na wapangaji wote wakatoka nje, maana ugomvi wa bure nani aukose?

Mafuta naye akatoka, mswaki mdomoni. Aliitwa hivyo kwa jinsi ulimi wake ulivyoteleza. Kazi yake ilikuwa kuuza visivyo vyake. Akambebea mhazili ile ndoo, huruma imemjaa usoni.

"Na bosi wako, dada, yeye anakalia nini?"

"Cha ngozi. Kinazunguka, kinalala nyuma kama kitanda."

Macho yakamng'aa. Mnunuzi alishampata kabla ya kukipata kiti. "Kesho nakuja kuitibu ofisi yenu. Wewe usinijue tu."

Kesho yake akaingia na koti jeupe la kinyozi, shingoni utepe wa kupimia alioazima kwa fundi cherehani. Bosi, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, aliposikia kwamba viti huvunja watu kimyakimya, hakuuliza hata cheti.

Mafuta akapima miguu ya ofisi nzima, goti hadi kisigino. Kompyuta ya karani akaipandisha juu ya mafaili, macho yasiinamie chini. Kisha akapiga magoti mbele ya bosi, akatikisa kichwa kama aliyeletewa msiba.

"Mkubwa, miguu inaning'inia. Damu ikishuka inagoma kurudi. Kiti hiki ni cha mwenye miguu mirefu. Endelea nacho, tutakuja kukunyoosha kwa pasi."

Bosi akaruka. "Kiondoke! Kiende wapi?"

Mafuta akavuta pumzi ya kusema "kwangu". Mhazili akamuwahi.

"Mzee, si ametupima wote? Miguu mirefu humu ndani ni ya nani?"

Ofisi nzima ikamgeukia yeye, twiga wao.

"Daktari, ni kweli?" bosi akauliza.

Mafuta akikataa, vipimo vyote ni uongo, na mlinzi yuko mlangoni. "Ni... kweli, mkubwa. Sayansi haina upendeleo."

Akakisukuma mwenyewe hadi kwenye meza ya mhazili, uso wa mfiwa. Bosi akashukia kile kijikiti cha mhazili, nyayo zikagusa sakafu kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo, akafumba macho kwa raha.

Jioni Mafuta alisimama mlangoni pa mhazili, amefura.

"Umeniibia!"

"Nimekuibia nini, jirani? Kiti cha bosi? Sema kwa sauti, wapangaji wote wasikie."

Ndani sufuria ikafunuliwa, na harufu ya mchuzi ikamfuata Mafuta puani. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Mhazili akacheka, akampisha mlangoni. "Vua viatu, daktari, ingia ule. Na ukae wima."