Tawi Nililolipiga Lipu

Jumatatu, 4 Machi
Hujambo, shajara yangu? Waonaje hali? Mimi mzima, Mungu ashukuriwe. Habari kubwa: wakwe watarajiwa wa binti yangu wanakuja Jumamosi! Shemeji seremala, kaka wa mke wangu, anataka wapokelewe kwake kwa kuwa eti ana turubai. Turubai! Mimi nina mti wa kufunika ukoo mzima. Mke wangu kasema haya, iwe kwetu, ila nikiharibu tunahamia kwa kaka yake. Nikiharibu? Mimi?

Jumanne, 5 Machi
Nimepanga viti chini ya lile tawi kubwa. Shemeji kapita, kaligonga kwa nyundo, kasema linalia kama mtungi mtupu. Wivu huo! Mwaka juzi lilikuwa na shimo. Nililiziba mwenyewe kwa saruji, nikapiga lipu, nikapaka rangi ya gome. Hata ndege hawajui. Uashi si mchezo.

Alhamisi, 7 Machi
Ee Mola! Mchana kweupe, upepo hamna hata wa kupeperusha nyoya. Nilikuwa ndani nasali. Kra! Tawi chini. Viti vyote kuni! Hakuna aliyeumia, nilishukuru nikiwa bado magotini. Kisha nikatoka mbio nikapayuka mtaa mzima usikie: shemeji kalikata kwa msumeno!

Majirani wakajaa. Shemeji akaja na kikombe chake cha chai, akatazama palivyochanika ovyo, akauliza tangu lini msumeno unatafuna. Akaingiza mkono palipovunjika, akatoa vipande vya mti uliooza, laini kama mkate uliolowa. Likabiringika donge la saruji. Lina alama ya kiganja changu, ile ninayoigandamiza kwenye kila kazi yangu.

Shemeji akaeleza kuwa maji yalipenya pembeni ya saruji yakakosa pa kutokea, tawi likaoza ndani huku nje linapendeza. Mama wa duka akauliza kama ukuta wake niliomjengea nao una kiganja. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Mke wangu hakucheka. Kasema neno moja tu: turubai.

Ijumaa, 8 Machi
Tawi halisogei. Nimesali, wazo likaja! Nikaenda kwa shemeji, nikambembeleza. Kanitania weee, mwisho kabeba randa yake. Tumelilainisha tawi mgongo wote. Mke wangu kalikalia, kasema haya, wageni waje kwetu.

Jumamosi, 9 Machi
Wakwe wameketi juu ya tawi, safu moja kama mbayuwayu. Mama wa bwana arusi kauliza nani kabuni benchi refu hivi. Nikasema mimi. Shemeji akakohoa, akasimulia kisa cha kiganja. Baba wa bwana arusi alicheka hadi kofia ikadondoka! Kasema watu wanaocheka hivi ndio anaowataka. Posa imepita. Binti yangu analia kwa furaha, na mimi pia. Arusi hapahapa, chini ya tawi la upande wa pili.

Jumapili, 10 Machi
Nimetoka ibadani, nimeukagua mti. Tawi la upande wa pili nalo lina shimo. Kosa langu nimeshalijua: sikuweka nondo. Sasa nimeweka nne, na saruji ya kutosha. Kiganja safari hii sikuweka.

Mke wangu asijue. Nijibu upesi, shajara, lipu inakauka: rangi ya gome iwe kahawia au kijivu?