Dume Langu, Jike Lenu

Ulimwona. Usinitolee macho. Ulimwona akipita mlangoni pako na kamba mkononi, kondoo madume wakimfuata kama wakwe, ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Mimi sisahau. Ni yeye yule aliyewahi kukuuzia miwani ya kumtambua mwizi kabla hajaiba. Uliivaa, ukamtazama usoni, ukasema haifanyi kazi.

Safari hii alijiita Dokta Jike. Alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu mashavuni, aliposikia kinyozi akilalamika kuwa kondoo wake kazaa dume tena.

"Dume la nini? Halizai, halikamuliwi, kazi yake kula na kupiga watu pembe!"

Tapeli akafumbua jicho moja. Riziki ilikuwa imebisha hodi.

"Kaka, dume si bahati mbaya. Dume ni ugonjwa, na dawa ninayo."

Dawa ilikuwa unga mweupe, magadi na majivu, Mungu amsamehe. Kondoo alishwe unga, alale akitazama ukuta, na nyumbani mtu asipaze sauti mpaka azae, kwani mimba ikisikia ubishi huota pembe.

"Na bei?"

"Bei? Mimi mfanyabiashara? Akizaliwa jike, lenu. Akizaliwa dume, aibu ni yangu, nalichukua nikalichunguze. Ila aliyekula dawa, na mtoto wake, asichunguliwe chini ya mkia mpaka mwezi uandame. Macho ya watu huharibu. Nitachungulia mimi."

Sharti hilo alilitunga ili hata jike nono liweze kuitwa dume.

"Ina nguvu kweli?"

"Hii? Hata dume zima likiila, linageuka!"

Basi mtaa mzima ukanong'ona. Mume na mke waligombana kwa vidole. Mwenye nyumba alidai kodi kwa kunong'ona, akanyimwa kwa kunong'ona. Kondoo wakazaa kama walivyozaa tangu dunia iumbwe, huku jike, huku dume. Mwenye jike alimsifu Dokta. Mwenye dume alilikabidhi mwenyewe, tena kwa kuomba radhi: "Nisamehe Dokta, nilipiga chafya."

Hata madume makubwa Dokta aliyachukua, eti yanaambukiza. Likabaki dume moja tu mtaani, la mjane fundi cherehani, alilolilea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Dokta akatangaza kuwa harufu yake inaharibu dawa za majirani. Majirani walewale waliovaa nguo alizowashonea wakamshika mikono, dume likavutwa.

"Mashemeji," mjane akalia, "mwakani majike yenu yatapandwa na nani? Na ukuta?"

"Shhh, dada! Kondoo wangu ana mimba!"

Unaona? Bila dume hakuna mwanakondoo mwingine mtaa mzima, na hakuna aliyetaka kusikia. Yule mjane akafuta machozi, akazunguka kwa majirani akiomba unga uliobaki.

Asubuhi muuza nyama alileta lori nyuma ya ghala la magunia, Dokta alikowaficha "wagonjwa" wake. Lango likafunguka, akaingia mjane, na mtaa mzima nyuma yake.

"Dokta, za asubuhi? Nimewasaidia wagonjwa wako dawa."

"Dawa gani?"

"Yako. Jana usiku nilifuata mlio wa dume langu, nikaimwaga kwenye maji yao, wakalamba ndoo ikang'aa. Na ulisema hata dume zima linageuka. Hawa sasa ni nini?"

"Majike!" kinyozi alinong'ona kwa nguvu zake zote.

"Na jike ni la nani?"

"Letu!"

"Upuuzi gani huu?" muuza nyama akafoka. "Tazameni pembe!" Akainama achungulie.

"Mwezi haujaandama!" Mtaa mzima ukamvuta kwa shati.

Dokta akabanwa kama kidole kati ya mlango na kizingiti. Akisema dawa ni uongo, ngumi zinamngoja. Akisema ni kweli, kondoo wanaondoka.

"Ni… majike," akasema.

"Hatukusikia, baba."

"Majike!"

Mjane akamkumbatia dume lake, wengine wakachukua kondoo wao. Muuza nyama alimkimbiza Dokta kuzunguka lori mpaka kiatu kimoja kikabaki.

Usicheke. Mjane aliwaeleza kuwa ule unga ulikuwa majivu, wakamwonea huruma. "Majivu yangegeuza zizi zima?" kinyozi alimuuliza, akaingia zizini na ndoo kwenda kukamua. Sasa ana bandeji kichwani na bado ananong'ona.

Na Dokta yuko mtaani kwako. Ndiyo, kwako: kakaa sebuleni kwa dada yako, kiatu kimoja mguuni, anamweleza dawa ya kumzuia kuku asiangue majogoo, na dada yako anakwenda kumkamata tetea. Weka karatasi hii chini. Nenda ukamwambie, mbele ya watu wote, ailambe dawa yake yeye kwanza. Chai utakunywa ukirudi. Inuka!