Sola ya Kinyozi Mjanja

Jumatatu, 4 Machi
Nimepigwa bao! Kipara, kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ameweka paneli tatu za sola juu ya bati. Mtu hana unywele hata mmoja, lakini wateja wanammiminikia kama siafu. Mlangoni kaandika: HAPA UMEME HAUKATIKI. Kwangu umekatika mara nne leo. Mke wangu kanishauri tuweke yetu taratibu, kaka yake anamjua fundi mzuri. Nimemjibu kwamba mwenye akili hanunui jua.

Jumanne, 5 Machi
Akili ni mali! Nimeng'oa mlango wa kabati la chumbani, nimeupaka rangi nyeusi, nikauchorea mistari myeupe kwa rula, nikaupandisha juu ya bati la duka. Ukiwa chini huwezi kujua. Waya pia nimeteremsha hadi dirishani. Hauendi popote, lakini unapendeza. Kufika saa kumi, wateja sita! Kipara kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Roho yangu kwatu!
Mke kauliza kwa nini nguo zake ziko wazi. Nimemwambia kabati lilihitaji hewa.

Jumatano, 6 Machi
Aibu ya mwaka. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani kaja kunyolewa, ana mkutano na wazazi saa nane. Upande wa kushoto nimemnyoa, umetoka safi kama yai. Umeme ukakatika. Akanitazama kwenye kioo.
"Fundi, si una sola wewe?"
Nikamwambia sola nayo ni kiumbe, hupumzika. Nikachukua mkasi. Bora nisingeuchukua! Saa nane kasorobo mwalimu kavuka barabara, kiganja kimefunika upande wa kulia, kaingia kwa Kipara. Mtaa mzima umeona.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi sola kaja dukani. Nani kamwita? Mke wangu! Kasikia sola ya mumewe imeharibika, akaingiwa na huruma. Kumbe alidhani nimenunua kimyakimya ili nimfurahishe. Fundi mwenyewe ni dada mmoja mwepesi kama paka. Kabla sijazuia ngazi, yuko juu. Mara sauti ikashuka:
"Kaka, hii ina kitasa."
Mke kapanda kujionea. Kashuka, kaelekea nyumbani. Jikoni ndipo aliponiambia kuwadanganya wateja ni ujinga, lakini kumdanganya yeye kumemuuma. Nimejiona mdogo kuliko sisimizi.

Jumapili, 10 Machi
Tuna sola ya kweli! Shemeji na yule dada wameifunga tangu asubuhi. Aliyeshika ngazi ni Kipara, tena kwa hiari yake. Nimemshukuru kwa meno ya mbele tu. Mwalimu mkuu kapita na kofia, hakunisalimu. Fundi kasema paneli hii itadumu miaka ishirini na mitano, kazi yangu ni kuifuta vumbi, basi. Nisiguse kingine chochote. Mashine ya kunyolea ikaunguruma, mke akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nimemwapia: ujanja nimeacha.

Jumanne, 12 Machi
Miaka ishirini na mitano! Nililiwaza hilo siku nzima jana. Kitu gani huchakaza vitu? Jua! Tazama mapazia. Tazama viti vya plastiki. Sasa paneli, masikini, inaanikwa kutwa. Basi nikiifunika nusu siku, itadumu hamsini! Hesabu ndogo tu, sijui kwa nini Kipara hajaiona. Nimepanda asubuhi na blanketi zito, nimelifunga kwa kamba nne.
Saa saba mashine imezimika katikati ya ndevu za shemeji. Yule dada ni mtu mzuri, lakini kazi yake mbovu, lazima nimwambie. Shemeji kapanda ngazi na nusu ndevu zake, anatafuta kasoro.
Natumaini hatalivuruga blanketi langu.